Somo: Mnyama Aliyewindwa na Daftari Lake



Katika masomo yaliyotangulia tumezoea kuzungumza juu ya majamvi, makonyo na mpeta. Leo tunatoka shambani kidogo, kwa sababu mwanachama wetu mmoja wa Pemba ametuletea suala ambalo huenda likamkuta kila mzazi mwenye mtoto aliyekwenda Bara kutafuta riziki.

Mwanawe anafanya biashara ya nguo na viungo Isongole, katika Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, karibu na mpaka wa Malawi. Huko amepokewa vizuri, na mzee mmoja mwenyeji wake amemfanya kama mtoto wa nyumbani. Sasa kijana anajitayarisha kurudi nyumbani, na mzee amempa zawadi ya kuagana: ngozi ya pongo, pembe mbili za mnyama huyo huyo, na fungu la nyama iliyokaushwa. Mzee anasema pongo huyo alimwinda mwenyewe. Baba wa kijana anauliza: "Jee, achukue au asichukue? Akikataa atamvunjia mzee heshima. Akichukua, nasikia watu hufungwa."

Jibu letu la haraka ni hili: asichukue kitu hata kimoja mpaka aone karatasi zake. Jibu refu ndilo somo letu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Katika jambo la wanyama wa porini mambo ni mazito kuliko hivyo, maana mali bila daftari humpoteza na mwenyewe.

1. MNYAMA WA PORINI NI WA NANI?

Wengi wetu tunadhani kuwa mnyama wa porini hana mwenyewe, na anayemuua ndiye mwenye mali. Sivyo. Tanzania Bara mambo haya yanatawaliwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya Sheria Namba 12 ya mwaka 1974. Sheria hiyo inasema kuwa wanyama wote wa porini ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Mwindaji hachukui kitu kisicho na mwenyewe, bali anapewa ruhusa ya kuchukua sehemu ndogo ya mali ya watu wote, kwa idadi, mahali na siku zilizoandikwa.

Sheria za namna hii si za jana. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri iliyomtaka mwindaji awe na leseni. Mwaka 1900 mataifa yaliyotawala Afrika yalikutana London yakakubaliana, pamoja na mambo mengine, kuwa pembe ya ndovu yenye uzito wa chini ya kilo 5 itaifishwe. Mkataba huo haukupata nguvu kamili, lakini fikra ya kuipima pembe na kuiandika ilibaki. Waingereza walitunga sheria yao ya wanyama Tanganyika mwaka 1921, wakaitengeneza upya mwaka 1951. Katika zama zote hizo wenyeji wengi, waliokuwa wakiwinda tangu mababu, waliona kuwa karatasi imeletwa ili kuwanyima. Malalamiko hayo yana historia yake, nasi hatuyadharau. Lakini mahakama ya leo haimuulizi mtu babu yake aliwinda nini. Humuuliza hati iko wapi.

2. NYARA NI KITU GANI?

Neno la kulijua vizuri ni nyara. Mtu akisikia nyara hufikiri pembe ya ndovu au ngozi ya simba. Sheria imelipanua neno hili sana. Nyara ni mnyama mwenyewe, akiwa hai au amekufa, na pia pembe, jino, mfupa, kucha, kwato, ngozi, nyama, nywele, manyoya, yai, au sehemu yoyote nyingine ya mnyama. Na hata kitu kilichotengenezwa kwa sehemu hizo, kama vile bangili ya pembe au mkoba wa ngozi, nacho ni nyara.

Basi zawadi ya yule kijana si kitu kimoja. Ngozi ni nyara, pembe ni nyara, na nyama kavu nayo ni nyara. Asidanganyike kuwa nyama ni chakula tu na itapita ndani ya kapu la mboga.

3. HATUA TANO ZA DAFTARI

Sisi wakulima wa karafuu hatuna haja ya kufundishwa sana juu ya jambo hili. Karafuu umezipanda wewe, umezipalilia, umezichuma na kuzianika. Hata hivyo ukizibeba bila kibali, au ukizivusha baharini usiku badala ya kuziuza Shirika la ZSTC, zinaitwa magendo. Jasho lako haliziondolei jina hilo. Nyara nayo ni vivyo hivyo, na daftari lake lina hatua tano.

Hatua ya kwanza ni leseni kabla ya kuwinda. Leseni huonyesha jina la mwindaji, aina ya mnyama, idadi, eneo na muda. Aliyepewa leseni ya pongo hawezi kuua pofu akasema wote ni wanyama wa pembe. Na silaha yenyewe, hata ikiwa gobore la zamani, ina leseni yake mbali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Karatasi ya bunduki si karatasi ya mnyama, wala ya mnyama si ya bunduki.

Hatua ya pili ni kuandika mara mnyama anapopatikana. Mwindaji mwenye akili haachi jambo hili mpaka afike nyumbani. Huandika ni mnyama gani, dume au jike, amepatikana wapi na siku gani. Katika uwindaji wa kitalii askari wa wanyamapori hufuatana na wawindaji, na mnyama aliyejeruhiwa akakimbia naye huandikwa katika hesabu. Sababu yake ni wazi, kwani mnyama aliyekimbia na risasi tumboni hahesabiwi tena miongoni mwa wazima.

Hatua ya tatu ni ukaguzi na alama. Nyara hupelekwa mbele ya afisa, naye huitazama kama inalingana na leseni. Pembe za ndovu zina utaratibu unaofuatwa na mataifa yaliyomo katika mkataba wa CITES, ambao Tanzania imo tangu mwaka 1979. Pembe nzima hugongwa muhuri au huandikwa kwa wino usiofutika: herufi mbili za nchi, tarakimu mbili za mwaka, namba yake ya mfululizo na uzito wake kwa kilo. Ngozi ya chui aliyewindwa kwa ruhusa hufungwa lebo yenye jina la nchi, mwaka, na namba yake katika idadi iliyoruhusiwa mwaka huo. Kwa Tanzania idadi iliyokubaliwa katika mkataba huo ilikuwa chui 500 kwa mwaka. Basi anayeishika ngozi hiyo, hata akiwa nchi ya mbali, ajue ni ya chui wa ngapi, wa mwaka gani.

Hatua ya nne ni hati ya umiliki. Hii ndiyo karatasi inayosema kuwa nyara fulani imetoka katika mali ya umma na sasa ni mali ya mtu fulani. Bila hati hiyo ngozi iliyoko ukutani kwako bado ni ya Serikali, hata ikiwa imetundikwa miaka thelathini. Na hati haitembei peke yake. Mwenye nyara akitaka kuiuza au kuitoa zawadi, hana budi kupata ruhusa ya maandishi ili umiliki uhamishwe. Hapa ndipo penye kosa la watu wema wengi. Mzee anaweza kuwa na hati halali kwa jina lake, lakini kijana akiondoka na ngozi bila uhamisho anakuwa ameshika nyara isiyo yake.

Hatua ya tano ni kibali cha kusafirisha. Kitu kilichokaa salama nyumbani kinaweza kuwa kosa barabarani. Kila anayetaka kuihamisha nyara ampelekee afisa swali lake kabla ya kufunga mzigo, na jibu alipate kwa maandishi. Neno la mdomo la rafiki au la dereva wa basi halina thamani kwenye kizuizi.

4. MITEGO

Watu husema, "Mimi sikuwinda. Nilitega tu, mnyama akaingia mwenyewe." Maneno haya hayamsaidii mtu. Kwa sheria, kutega ni kuwinda. Tena mitego ya waya, tanzi, mashimo, nyavu, sumu na moto ni miongoni mwa njia zilizokatazwa ila kwa idhini maalumu ya maandishi. Ubaya wa tanzi ni kuwa halichagui. Hukamata jike mwenye mimba na mtoto wake, na aghalabu mtegaji akichelewa hukuta mzoga ulioliwa na fisi. Mnyama aliyeingia katika mtego wa siri hawezi kuandikishwa baadaye akawa halali, kwa kuwa hatua ya kwanza haikuwapo.

Vivyo hivyo mnyama wa kukamatwa akiwa hai, awe ndege, kobe au kinyonga, hutaka leseni ya kukamata. Biashara ya kuwapeleka nje ya nchi wanyama hai Serikali iliizuia mwaka 2016 baada ya malalamiko mengi.

5. MNYAMA ALIYEUAWA KWA KUJIKINGA, NA ALIYEOKOTWA

Mkulima anaweza kuvamiwa. Sheria haimwambii akae kimya aliwe na simba. Akiua ili kuokoa maisha hana kosa, lakini juu yake pana wajibu: atoe taarifa mapema kwa afisa wa wanyamapori au polisi, na nyara aikabidhi. Mnyama huyo ni wa Serikali. Anayeua kwa kujikinga kisha akaficha ngozi ameiharibu hoja yake mwenyewe.

Aliyeokota naye ni hivyo hivyo. Ukikuta pembe msituni au mnyama amekufa kwa maradhi, kuokota hakukupi umiliki. Toa khabari. Mfano mzuri ni kakakuona. Sehemu nyingi za Bara mnyama huyu akionekana huhesabiwa kuwa ni ishara, na watu humwekea maji, nafaka na silaha mbele yake ili waone atakwenda wapi, wapate kubashiri mwaka utakuwa wa mvua, wa njaa au wa vita. Tangu zamani desturi ya wengi ilikuwa kumpeleka kwa wakubwa, si kumficha. Desturi hiyo inakubaliana na sheria ya leo. Tangu mwaka 2017 kakakuona wa aina zote wamo katika daraja la juu la ulinzi wa CITES, na biashara yao baina ya mataifa imepigwa marufuku.

6. KWA NINI ISONGOLE?

Kijana wetu yuko mahali penye khatari zaidi ya pengine. Mto Songwe ndio unaotenganisha Tanzania na Malawi upande ule, na ng'ambo ya pili kuna Chitipa. Watu wa pande mbili huuziana mahindi na nguo, na wengi ni ndugu. Barabara ya Mpemba hadi Isongole, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, imetiwa lami, na magari hupita kwa wingi. Penye njia nzuri na mpaka, pana forodha na ukaguzi.

Kuvuka na nyara ni kuisafirisha nje ya nchi, ijapokuwa safari yenyewe ni ya mwendo mfupi. Hapo hutakiwa hati ya kusafirisha nyara, na kwa wanyama waliomo katika orodha za CITES hutakiwa na kibali cha mkataba huo. Malawi nayo ina sheria yake ya mwaka 1992, ambayo mwaka 2017 ilirekebishwa na adhabu zake zikaongezwa mpaka kufikia kifungo cha miaka 30. Basi mwenye ngozi isiyo na hati hana pa kukimbilia ng'ambo.

7. ADHABU

Tunayaandika haya si kwa kutishana, bali kwa kuwa ndiyo yanayowapata watu. Kukutwa na nyara za Serikali bila kibali ni kosa chini ya kifungu cha 86 cha sheria ya mwaka 2009, na huhesabiwa katika makosa ya uhujumu uchumi. Nyara ikiwa na thamani ya kupita shilingi milioni moja, kifungo ni kuanzia miaka 20 mpaka 30. Mahakama za Bara zimetoa hukumu za miaka 20 mara nyingi, na waliofungwa si matajiri wa meli tu. Wengi wao ni watu wa vijijini.

Msomaji atauliza, kipande cha nyama kitafikaje shilingi milioni moja? Hufika kwa hesabu hii. Kinachothaminiwa ni mnyama mzima, si kipande, kwa kuwa kipande ni dalili kuwa mnyama ameuawa. Katika kesi nyingi za Serengeti nyumbu amehesabiwa dola za Kimarekani 650 na pundamilia dola 1,200. Kwa hivyo mtu mwenye vipande viwili vya nyama ya pundamilia mfukoni hushitakiwa kwa thamani ya pundamilia mmoja.

Jambo la pili ni hili. Aliyekutwa na nyara ndiye anayetakiwa kuonyesha kuwa aliipata kwa halali. Ndiyo maana karatasi ni bora kuliko shahidi. Mzee wa Isongole anaweza kuwa mkweli kabisa, lakini siku ya kesi yeye yuko Ileje na kijana amekamatwa kizuizini maili mia nyingi mbali naye.

Ukali huu una sababu. Ndovu wa Tanzania waliohesabiwa walikuwa kama 109,000 mwaka 2009, na mwaka 2014 wakabaki kama 43,000. Zaidi ya nusu walipotea kwa miaka mitano. Na visiwa vyetu havikuwa mbali na balaa hilo. Mwezi wa Agosti 2011 katika bandari ya Zanzibar zilikamatwa pembe zaidi ya 1,000 zilizofichwa ndani ya dagaa, na Novemba 2013 zikakamatwa nyingine nyingi zilizochanganywa na makombe. Mtu aliyekuwa akipakia mzigo wake wa halali siku zile alipekuliwa pamoja na wezi.

8. NA HAPA VISIWANI?

Sheria ile ya mwaka 2009 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar tunayo Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu, Namba 10 ya mwaka 1996. Asidhani mtu kuwa akishuka Malindi au Mkoani ameachana na sheria za wanyama. Paa nunga na kima punju wa Unguja wanalindwa. Kwa Pemba, tukumbuke popo wetu wakubwa, ambao hawapatikani pengine popote duniani. Waliwindwa kwa kitoweo mpaka wakakaribia kwisha, kisha watu wa vijiji kama Kidike wakaamua kuwalinda, na leo wameongezeka. Huo ni ushahidi kuwa mnyama anayehesabiwa hudumu.

Anayetaka kuwinda, na hata anayesumbuliwa na wanyama shambani, aende Idara ya Misitu aulize kabla ya kuita mbwa na vijana.

9. JIBU KWA MWANACHAMA WETU

Sasa turudi kwa kijana. Afanye mambo manne.

Kwanza, amuulize mzee kwa adabu kama ana leseni ya yule pongo na hati ya ngozi na pembe. Kuuliza si kutuhumu.

Pili, karatasi zikiwapo, waende wote wawili kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya ya Ileje, waombe uhamisho wa umiliki na kibali cha safari. Wasitume mtu.

Tatu, karatasi zikiwa hazipo, asichukue hata unywele. Wala asimshauri mzee afukie au achome. Mzee naye apate nasaha ya afisa, kwa kuwa hata yeye amekaa juu ya moto.

Nne, akatae kwa maneno mazuri. Aseme hivi: "Shikamoo mzee wangu. Zawadi yako nimeipokea kwa moyo, na nyumbani nitaitangaza. Lakini njia ni ndefu na sheria ni kali, nami sitaki jina lako liitwe mahakamani kwa ajili yangu. Nipe debe la maharage ya shamba lako, mama ayapike, aseme haya yametoka kwa mzee wa Isongole." Hatudhani kuwa yuko mzee wa kweli atakayechukia maneno hayo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja vitu vitano ambavyo sheria huviita nyara.
2. Mtu ana hati ya ngozi ya marehemu baba yake. Jee, anaweza kumpa rafiki yake bila ya kuuliza? Kwa nini?
3. Kwa nini kipande kidogo cha nyama huweza kuleta kifungo kirefu?
4. Mkulima ameua chui aliyemrukia. Afanye nini siku ile ile?
5. Leo jioni tazama ndani ya sanduku na juu ya ukuta wako. Jee, kimo kitu cha mnyama kisicho na daftari?

Suala la tano ndilo kubwa. Mwenye kukuta kitu asikifiche wala asikiuze, bali aende akaulize. Ni bora kuulizwa ukiwa umekwenda mwenyewe kuliko kuulizwa ukiwa umeletwa.

Majibu yaletwe tawini kabla ya mkutano ujao. Somo lijalo, inshallah, tutarudi katika majamvi yetu.